Mwongozo: Siku moja kuzunguka Oxford kwa boti nyembamba, unapanda na mto Thames unarudi na mfereji

Wengi tunaoishi Uingereza tunapita juu ya hii mifereji kila siku na basi au treni, tunaziona zile boti ndefu za rangi rangi zimefungwa pembeni, chimni inatoa moshi, alafu tunajiambia hayo ni mambo ya wenyewe. Sio hivyo. Mtu mzima yeyote anaweza kukodi, hauhitaji cheti cha unahodha kwa boti za kukodi, asubuhi wanakufundisha kama saa moja hivi alafu wanakukabidhi funguo unaondoka na familia yako. Ila hiyo saa moja ni fupi na mambo ni mengi, nusu yake utakuwa ushasahau ukifika loki ya kwanza (kile chumba cha maji chenye mageti kinachopandisha na kushusha boti), kwahiyo nawawekea hapa hatua kwa hatua.

Njia nayowaelekeza ni mzunguko wa Oxford. Unaanzia mtaa wa Jericho kwenye mfereji wa Oxford, unashuka loki ya Isis, unaingia mto Thames, unaupandisha mto ukipita mbuga ya Port Meadow na loki mbili za Godstow na King's, unakata kulia kwenye kamfereji kanaitwa Duke's Cut, unatokea tena kwenye mfereji wa Oxford na unashuka nao taratibu mpaka pale pale ulipoanzia. Ni kama kilometa 11 na loki tano. Naipenda kuliko njia zote kwasababu ndani ya siku moja unapata mto na mfereji, na hivyo vitu viwili vina tabia tofauti kabisa, na pia kwasababu unamaliza boti ikiwa inaangalia upande ule ule ulioanza nao. Hilo ni jambo kubwa, boti ya mita 18 huwezi kuigeuza kwenye mfereji ambao upana wake ni mdogo kuliko urefu wa boti, lazima ufike sehemu maalum walizochimba kwa kugeuzia, na kwenye mzunguko huu hauhitaji kabisa.

Kabla ya siku yenyewe

Kwanza kabisa muulize mwenye boti kama boti yake inaruhusiwa kuingia Thames. Usiache hili swali. Mfereji wa Oxford uko chini ya Canal & River Trust, shirika la hisani lililoanzishwa 2012 ambalo linatunza kama kilometa 3,200 za mifereji na mito ya England na Wales, lakini mto Thames uko chini ya Environment Agency, ambayo ni serikali, na una leseni yake. Boti nyingi za kukodi za siku moja zinaruhusiwa mfereji tu, kwahiyo kwa mzunguko huu mara nyingi inabidi ukodi boti ya kulala, ya wikiendi, na siku moja ndani yake ndo unaifanyia hii safari. Na boti inayoingia mtoni hakikisha ina nanga, nanga imefungwa kwenye mnyororo na kamba, na mwisho wa kamba umefungwa kwenye boti. Iangalie kwa macho yako.

Pili, hali ya mto. Kwenye loki za Thames huwa wanatundika vibao. Cha njano kinakwambia mkondo unaongezeka au unapungua, chekundu kinakwambia mkondo ni mkali. Kikiwa chekundu hauendi, hata kama umelipia na wageni wamesafiri kutoka Manchester, na wenye boti wengi wenyewe wanakataza. Hali inawekwa pia mtandaoni kila siku, angalia jana yake na asubuhi yenyewe. Mvua ikiwa imenyesha wiki nzima huko juu kwenye vilima vya Cotswolds, mto hapa Oxford unajaa hata kama jua linawaka. Ikitokea hivyo baki kwenye mfereji, panda kaskazini mpaka kijiji cha Thrupp, ni pazuri sana, muulize mwenye boti sehemu za kugeuzia akuoneshe kwenye ramani. Kinyume chake kiangazi kikikaza sana wanaweza kufunga loki za mfereji kwa kukosa maji, na miezi ya baridi wanafunga kwa matengenezo, kwahiyo matangazo ya Canal & River Trust nayo yapitie. Mimi ningesema mwisho wa April mpaka September ndo wakati wake.

Tatu vitu vya kubeba. Laifujaketi za watu wote, wenye boti wanazo, omba na za watoto mapema utaje kilo zao. Viatu visivyoteleza, sio ndala. Koti la mvua hata kama ni July. Glavu za mikono kwa ajili ya kamba na vyuma. Chakula pikeni nyumbani, pilau kwenye hotipoti na chai kwenye chupa, jiko lipo ndani ya boti lakini mpishi akiwa jikoni anakosa kila kitu na mikono inapungua juu. Watu wazima angalau watatu wenye nguvu, mmoja wa kana, yaani usukani, na wawili wa loki.

Kuijua boti

Hizi boti ni nyembamba kwa sababu. Miaka ya 1700 mwishoni walipochimba mifereji kubeba makaa ya mawe, walijenga loki nyingi zenye upana wa mita 2.1 tu ili kuokoa maji na hela, na boti zikatengenezwa kuingia humo, kwahiyo mpaka leo boti ni kama mita 2.08 na urefu unaweza kufika mita 21. Mfereji huu wa Oxford, wenye kilometa 126 kutoka karibu na Coventry, uliifikia Oxford tarehe 1 January 1790. Ukiingia loki utaona pembeni kila upande umebaki upenyo wa vidole tu.

Boti ni chuma, ina tani 15 na zaidi. Iweke hiyo namba kichwani. Haina breki. Inasimama kwa kurudisha injini rivasi, na inachukua muda. Kwahiyo mguu, mkono au mtoto asiwekwe kamwe katikati ya boti na ukuta ili "kuizuia isigonge", iache igonge, imetengenezwa na chuma, mguu wako haujatengenezwa na chuma.

Unaendesha umesimama nyuma, umeshika kana, ule mkono mrefu wa usukani. Kana ukiisukuma kulia boti inaenda kushoto, ukiisukuma kushoto inaenda kulia. Dakika kumi za kwanza akili inakataa alafu inazoea. Kitu ambacho watu hawaambiwi vizuri ni kwamba boti inazungukia karibu na katikati yake, sio mbele kama gari, kwahiyo ukiipeleka mbele kushoto, nyuma inafagia kulia, na kama kulia kuna boti imefungwa utaikwangua na wewe unaangalia mbele tu. Geuka uangalie nyuma yako. Na usukani unafanya kazi pale propela inaposukuma maji tu, ukiweka nyutro boti inateleza lakini haikusikilizi, ukiweka rivasi ndo kabisa inaenda inakotaka. Ukiona mambo yanaharibika, mara nyingi dawa ni kupunguza mwendo mapema, alafu kupiga resi fupi ya mbele ukiwa umeshaielekeza kana unakotaka.

Mnapita kulia. Boti inayokuja unaipisha kushoto kwako, kinyume na magari ya hapa. Mwisho wa mwendo mferejini ni maili 4 kwa saa, hiyo ni kama kilometa 6.4, lakini mara nyingi utaenda chini ya hapo.

Kupiga hesabu ya muda

Watu wa boti wana hesabu yao nzuri: chukua maili, jumlisha na idadi ya loki, gawanya kwa tatu, unapata masaa. Hapa ni maili 7 na loki 5, kumi na mbili gawanya kwa tatu, masaa manne ya kutembea. Ongeza chakula, kusubiri foleni, na kukaa tu kuangalia, siku imeisha vizuri. Ondokeni saa tatu asubuhi. Msikae mpaka saa sita alafu mkaanza kukimbizana, ajali nyingi zinaanzia kwa mtu mwenye haraka.

Loki ya kwanza, Isis

Hapa nakaa kidogo kwasababu ndo penye hatari kuliko pote na pia ndo penye utamu.

Loki ni chumba cha mawe chenye mageti pande mbili, kinaipandisha au kuishusha boti kutoka maji ya juu kwenda ya chini. Hamna mashine wala pampu, ni uzito wa maji tu. Kwenye mageti au pembeni yake kuna vijilango vidogo chini ya maji, unavifungua kwa chuma kinaitwa windlasi, kimepinda kama herufi L na kina tundu la mraba unaloingiza kwenye kichwa cha ekseli, unazungusha. Windlasi ikiwa kwenye ekseli mkono usitoke. Ukiiachia na kile kikoleo cha kuzuia meno hakijashika, inazunguka kwa kasi inaweza kukuvunja mkono au kuruka usoni. Ukimaliza itoe kabisa, usiiache inaning'inia pale.

Isis ni loki ya mwisho ya mfereji na unashuka. Iko hivi:

Simamisha boti kwenye gati la kusubiria, washushe wale wawili na windlasi, waende kwa miguu. Waangalie kama kuna boti inakuja kutoka chini, na kama loki ina maji kidogo waiache ile ipande kwanza, maji ya loki moja yahudumie boti mbili. Wahakikishe mageti na vijilango vya chini vyote vimefungwa, alafu wafungue vijilango vya juu taratibu maji yajae. Maji yakishakuwa sawa pande zote geti linafunguka kwa kusukumwa na makalio kwenye ile boriti ndefu ya mbao. Kama halifunguki maji bado hayajalingana, subirini, hata mkiwa watu ishirini hamtalifungua.

Ingiza boti polepole, isimame sehemu ya mbele ya loki. Funga geti la juu na vijilango vyake. Sasa nisikilizeni. Chini ya geti la juu kuna kizingiti cha zege au mawe kinachotokeza ndani ya loki, wakati loki imejaa hukioni, maji yakishuka kinatokea nyuma ya mgongo wako. Kama nyuma ya boti iko juu ya hicho kizingiti, boti inakaa pale huku mbele inazidi kushuka, inainama, maji yanaingia, inazama ndani ya dakika chache na watu wakiwemo ndani. Pembeni ya loki wamechora mstari mweupe kuonyesha kizingiti kinapoishia. Nyuma ya boti yako iwe mbele ya huo mstari muda wote, na mwenye kana asiangalie simu wala asipige stori mpaka maji yamefika chini. Watu wasiwe wamelala au wanapika ndani, na kamba isifungwe popote, kamba iliyofungwa boti ikishuka inaning'iniza boti.

Mwenye kana ndo anatoa ruhusa. Akiinua mkono ndo mnafungua vijilango vya chini, nusu kwanza, mnaangalia, alafu vyote. Kitu kikinasa popote anapiga kelele moja mliyokubaliana, kwetu huwa tunasema FUNGA, na wote wanafunga vya chini haraka alafu wanafungua vya juu ili maji yarudi boti ielee tena. Fanyeni mazoezi ya hilo kabla ya kuingia, mkiwa bado mmefunga pembeni. Mkisimama juu ya loki mkaangalia maji yanavyochemka kule chini mtaelewa kwanini nasisitiza hivi.

Loki ya Isis inashusha kidogo tu, kwahiyo ni mwalimu mzuri. Mkitoka fungeni mageti nyuma yenu.

Kuingia mtoni

Baada ya loki unakata kulia kuingia Sheepwash Channel, njia fupi ya maji, unapita pembeni ya daraja la chuma la zamani la reli ambalo lilikuwa linazunguka kupisha boti, na chini ya reli ya sasa. Mwisho wake ni Thames.

Pale mdomoni ndo utaona tofauti ya mfereji na mto. Mfereji umelala, mto unatembea. Unataka kwenda kulia, kupandisha, lakini mbele ya boti ikitokeza tu mkondo unaisukuma kushoto, kuelekea Osney, mto unakoshukia. Kwahiyo punguza mwendo ukikaribia, piga honi, angalia pande zote mbili kama hamna boti au watu wa kasia, alafu ukianza kukata weka nguvu ya kutosha usisite katikati, kana umeisukuma kushoto kabisa mpaka boti imekaa sawa imeukabili mto. Ikishanyooka punguza.

Nimechagua kupandisha mto asubuhi sio kwa bahati. Ukienda kinyume na mkondo maji yanakusaidia kusimama, unapunguza tu resi na boti inatulia. Ukishuka na mkondo, maji yanakubeba hata ukiwa nyutro, na mtu ambaye ndo kwanza anaishika kana hatakiwi kuanzia huko.

Port Meadow

Baada ya sehemu inaitwa Medley mto unafunguka, kulia kwako kuna uwanda mkubwa wa majani mpaka macho yanaishia, farasi na ng'ombe wanachunga humo bila kufungwa, wengine wamesimama ndani ya maji wanakunywa. Hii ardhi haijawahi kulimwa, imeandikwa kama malisho ya wote kwenye kitabu cha mfalme cha mwaka 1086 na mpaka leo baadhi ya wenyeji wa Oxford na Wolvercote wana haki ya kuchungia. Kwa mtu aliyekulia kuona ng'ombe wakinywa mtoni jioni hapa lazima unyamaze kidogo. Zima muziki, ile sauti ya injini tu inatosha.

Lakini usisogelee upande wa mbuga, maji ni mafupi, utakwama kwenye mchanga. Kaa kwenye kina. Na upepo hapa hauna kitu cha kuuzuia, boti ina chini bapa na ubavu mrefu, upepo ukipiga unaisukuma yote kwa upande, inabidi uiendeshe imeinamisha pua kidogo upande upepo unakotoka. Kuna vimashua vya tanga vinakatiza, kuna watu wanaogelea siku za joto, na kuna wapiga makasia ambao wanakaa wamekupa mgongo, wanaangalia walikotoka, hawakuoni. Wewe ndo uwaone. Nenda taratibu na kwa mstari ulionyooka ili wakukwepe kwa urahisi.

Godstow, loki na chakula cha mchana

Loki za Thames ni kubwa na msimu wa joto zina watunza loki, wenye sare, wanakuendeshea mageti wenyewe. Mida ya saa saba mpaka saa nane mchana huwa wanaenda kula na loki inakuwa ya kujihudumia, kwahiyo ndo muda mzuri na nyie mfunge boti mpate chakula. Karibu na loki ya Godstow kuna sehemu ya kufunga, na hapo jirani kuna magofu ya nyumba ya watawa wa kike ya karne ya 12, kuta za mawe zimebaki zimesimama kwenye majani, alizikwa hapo Rosamund Clifford, kipenzi wa mfalme Henry II. Watoto waacheni wakimbie humo.

Kufunga mtoni: njoo ukiwa umeukabili mkondo, sogea kwa pembe ndogo, kamba ya mbele ifungwe kwanza maana ndo inayoshika uzito wa maji, alafu ya nyuma. Ukianza na ya nyuma mbele inachukuliwa na mto, boti inakaa imekata njia nzima. Misumari mirefu ya chuma ya kugongomea kwenye majani ipo kwenye boti pamoja na nyundo, igongomee imelala kidogo kuelekea mbali na boti, na uweke kitambaa au mfuko mweupe juu yake ili mtu asijikwae.

Ndani ya loki yenyewe Thames wana taratibu zao. Kamba mbili, moja mbele moja nyuma, unazizungushia kwenye nguzo mara moja na unashika ncha mkononi, hufungi fundo, unavuta kadri boti inavyopanda. Injini unazima. Anachosema mtunza loki unafanya, na asante mnasema, wale watu wana subira sana na watoto, ukimuomba vizuri anaweza kumwonyesha mwanao jinsi geti linavyofunguka.

Kutoka hapo unapita daraja la Godstow, njia ni nyembamba na kuna kona, piga honi, mtu mmoja asimame mbele aangalie.

King's na Duke's Cut

King's ni loki ya kaskazini kuliko zote za mto Thames na ni ndogo. Kuanzia hapa kwenda juu loki haziendeshwi na umeme, mageti yanasukumwa kwa boriti kama mferejini ila vijilango vinafunguliwa kwa gurudumu lililopo pale pale, hauhitaji windlasi. Mnapanda, kwahiyo kizingiti sio tatizo kama mwanzo, tatizo ni maji yakiingia kwa nguvu boti inavutwa mbele na pua inaweza kunasa chini ya geti. Fungueni kidogo kidogo.

Ukitoka tu kaa tayari, Duke's Cut iko kulia hapo hapo na ni rahisi kuipita, kibao kipo lakini miti inakifunika. Ilichimbwa 1789 kwenye ardhi ya Duke wa Marlborough kuunganisha mfereji na mto. Ni nyembamba, ina vivuli, matawi yanashuka mpaka usawa wa uso, mwambie kila mtu aliyekaa juu ashuke. Mwishoni kuna loki ndogo, tofauti ya maji sio kubwa, windlasi zinarudi kazini. Baada yake kata kulia kuelekea Oxford.

Kurudi na mfereji

Hapa punguza kila kitu. Loki ya Wolvercote unashuka, rudieni yale yote ya kizingiti kama ndo mara ya kwanza, maana watu wamechoka na wameshiba na wameanza kujiona mabingwa. Baada ya hapo hamna loki mpaka Jericho, ila kuna boti nyingi sana zimefungwa pembeni, na nyingi ni nyumba za watu. Kabla hujaifikia boti iliyofungwa shusha injini mpaka chini kabisa, mapema, umbali wa boti mbili au tatu kabla. Mfereji ni mwembamba na mfupi kwa kina, boti yako inapopita inayasukuma maji mbele na kuyanyonya pembeni, ile iliyofungwa inavutwa, misumari inang'oka, chai ya bibi wa watu inamwagika mezani. Ukiangalia nyuma ukaona wimbi linavunjika kwenye ukingo, umezidisha. Na kwa kweli kuongeza resi hakukufikishi haraka, nyuma ya boti inajichimbia tu chini na diseli inaisha.

Ikija boti mbele yako usikimbilie pembeni kabisa, kina kipo katikati. Endeleeni kuelekeana, mkikaribia kila mmoja anasogea kulia kidogo, mnapita, mnarudi katikati. Wageni wengi wanaogopa wanajibana ukingoni wanakwama kwenye tope. Ukikwama usipige resi ya mbele, unazidi kujichimbia, rudi rivasi taratibu kwa njia ile ile uliyoingilia, watu wahamie upande wenye kina, na mmoja asukume na lile pondo refu lililolala juu ya paa.

Madaraja ya mbao ya kunyanyua mtayakuta, mengi huku chini huwa yameachwa juu, yakiwa chini mtu ashuke anyanyue na akae juu ya boriti muda wote boti inapita, asiondoke hata kidogo mpaka nyuma imetoka kabisa.

Boti ikianza kutetemeka na kukosa nguvu, au moshi mweusi, propela imekamata kitu, mfuko, nguo, kamba. Funga pembeni, zima injini, toa ufunguo uweke mfukoni mwako, sio kuuacha pale. Alafu ndo ufungue kile kifuniko kilicho juu ya propela nyuma ya boti, ingiza mkono na kisu utoe. Kukirudisha kifuniko kikaze vizuri kabisa kabla ya kuwasha, kisipokaa sawa maji yanaingia boti inazama. Baada ya hapo mikono kwa sabuni. Maji haya yana mkojo wa panya na kuna ugonjwa wa leptospirosis, kwahiyo mtu mwenye kidonda afunike, na hakuna anayeshika chakula bila kunawa. Mtu akipata homa kama ya mafua ndani ya wiki chache zinazofuata amwambie daktari kwamba alikuwa kwenye maji.

Kufunga na kukabidhi

Ukiuona mnara wa kanisa la St Barnabas kushoto umefika Jericho. Soma kibao cha sehemu ya kufunga, kila moja ina muda wake, na usifunge kwenye gati la loki wala kwenye bomba la maji, hizo ni za watu wote. Jaza tangi la maji kabla ya kufunga kama mnalala, mpira wa maji upo mbele na ufunguo wa bomba ni ule mliopewa na windlasi. Injini zimeni kabla ya saa mbili usiku, haiwashwi mpaka saa mbili asubuhi kwa ajili ya majirani. Mkiwasha jiko la kuni au gesi acheni matundu ya hewa wazi, msiyazibe na nguo hata kama ni baridi, na bonyezeni kitufe cha kengele ya hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi kuona kama inalia.

Kabla ya kulala kaza ile griisi ya ekseli ya propela kama walivyowaonyesha, mzunguko mmoja au miwili mpaka ikaze, ili maji yasichuruzike usiku. Hesabu windlasi, nyundo na misumari yote. Kama kuna kilichoanguka majini kitaje asubuhi wakati wa kukabidhi, mwenye boti ana sumaku ya kuvulia na anajua pa kuitupa ukimwambia ni loki gani.